Muuguzi Huamua kwa Maneno Yetu

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wahitimu wa kisomo, Sumbawanga)



Leo sikuja kuzungumza juu ya mbolea wala hesabu. Nataka niwaeleze habari za usiku mmoja.

Nilikuwa nimelala katika kijiji kimoja huko chini, Bonde la Ziwa Rukwa. Mvua ilikuwa inanyesha. Saa 4 usiku mama mmoja aliletwa zahanati kwa pikipiki. Alikuwa amejifungulia nyumbani. Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake. Akawauliza ndugu: "Amejifungua saa ngapi?" Wakajibu: "Sasa hivi tu." "Damu imetoka nyingi?" "Kidogo." "Amekunywa dawa yoyote?" "Hapana."

Majibu yote matatu hayakuwa kweli. Si kwamba watu wale walikuwa wabaya. Waliogopa kugombezwa, tena waliogopa faini ya kuzalia nyumbani.

Sasa mjiweke mahali pa muuguzi yule. Kutoka bondeni hadi Sumbawanga ni kupanda ukingo wa Ufipa, karibu mita 1,000 kwenda juu. Usiku, kwenye mvua, kona na utelezi. Kumpeleka mgonjwa ni hatari. Kumbakiza nako kwaweza kuwa hatari. Kwa maneno aliyopewa, aliona afadhali mama abaki, aangaliwe mpaka kuche. Je, alikosea? Mimi nasema hapana. Aliamua vizuri kwa habari mbaya.

Saa 5 akaja jirani mmoja mbio kwa miguu, kalowa chapachapa. Huyo ni mhitimu wa kisomo kama ninyi. Mkononi ana karatasi ya daftari. Kaandika hivi: "Saa 2 mtoto kazaliwa. Saa 3 khanga ya pili imelowa damu. Saa 3 na nusu kanywa dawa ya mizizi."

Muuguzi alisoma mara moja tu. Uamuzi ukabadilika pale pale. Akachoma sindano ya kukaza mji wa mimba, akasugua tumbo, akatundika dripu, akapiga simu kuomba gari. Yule mama alipona. Lakini ile saa moja tuliipoteza bure, na mama anayetokwa damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa kwa muda wa saa mbili tu.

Ndugu zangu, watu wengi hudhani mganga wa zahanati hutazama mgonjwa akajua kila kitu. Sivyo. Zahanati haina vipimo vyote vya hospitali. Kazi yake ni kujibu maswali matatu upesi. Mgonjwa abaki au aende? Kama ni kwenda, aende wapi? Na je, apewe nini kwanza ili asifie njiani? Akimpeleka kituo kisicho na chumba cha upasuaji wala damu, atakuwa amempoteza njiani mara mbili. Akiita gari kwa mgonjwa anayeweza kungoja, huenda kijiji cha pili kuna mtu anayekufa, na gari ni hilo hilo moja.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Thaddeus na Maine, waliandika kwamba mama wajawazito hufa kwa kucheleweshwa mara tatu. Kwanza, kuchelewa kuamua nyumbani. Pili, kuchelewa njiani. Tatu, kuchelewa kupata tiba baada ya kufika. Mnaona? Uamuzi wa kwanza kabisa si wa muuguzi. Ni wetu, pale jikoni na barazani.

Kuhusu njia, msaada upo. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa m-mama kwa nchi nzima. Mpango huo ulianza kwa majaribio Sengerema, mkoani Mwanza, ukaendelea Shinyanga. Namba ni 115, na kupiga ni bure. Ni kwa ajili ya mjamzito, mama aliyezaa ambaye hajapita siku 42, na mtoto mchanga ambaye hajapita siku 28. Anayepokea simu hufuata orodha ya maswali, kisha huamua mgonjwa apelekwe wapi. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa jamii aliyekubaliana na mpango, naye hulipwa na mpango wenyewe.

Lakini angalieni: yule wa 115 hamwoni mgonjwa. Anasikia sauti tu. Ukimdanganya, ataamua kwa uongo wako.

Basi tufanye nini? Tunajua kusoma na kuandika. Tuutumie ujuzi huo. Mgonjwa akizidiwa, chukueni karatasi mwandike:

1. Saa ugonjwa au uchungu ulipoanza.
2. Mlichokiona: damu, degedege, homa, kuumwa kichwa sana, kuona giza.
3. Kila dawa aliyopewa, ya dukani au ya miti shamba.

Nanyi viongozi wa kijiji, kama faini inawafanya watu waseme uongo mbele ya muuguzi, ijadilini upya mkutanoni. Faini haizuii damu kutoka.

Wazee wetu walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza: tukificha, tunamfumba macho yule tunayemtegemea aone.



Maswali ya kujadili
1. Kwa nini ndugu wa mama yule walificha ukweli?
2. Usiku wa leo mtu akizidiwa kijijini kwenu, nani ana chombo cha kumbeba?
3. Kila mmoja aandike mfano wa karatasi ya mgonjwa, kisha tusomeane.