Mafuta Yalikuwemo, Msuguano Ulitoka Wapi?



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya ufundi mitambo. Badala ya kujisifu, naona heri niwasimulie kosa langu.

Nilipomaliza masomo niliajiriwa kuhudumia mashine ya kusaga unga hapa hapa Samuye. Tulikuwa wawili, tukipokezana zamu. Siku moja injini ilinguruma vibaya, ikatoa moshi, ikakwama. Tulipoifungua tulikuta beringi zimechubuka na kuungua. Mwenye mashine alisema kuwa mwenzangu, aliyekuwa zamuni, hakutia mafuta. Yeye aliapa kuwa alitia, na kweli kijiti cha kupimia kilionyesha yamejaa. Hakusikilizwa, alifukuzwa kazi. Akina mama nao wakarudia kubeba mahindi kichwani hadi kijiji cha mbali.

Swali lile halikunitoka: ikiwa mafuta yalikuwemo, msuguano ulitoka wapi?

Jibu nililipata chuoni. Chuma hata king'ae kama kioo, kwa hadubini kina vilima na mabonde. Vilima vya chuma kimoja vikigusana na vya kingine hushikana, kisha huchanika. Kazi ya mafuta ni kuvitenganisha. Mwaka 1883 Mwingereza mmoja, Beauchamp Tower, alikuwa akipima beringi za namna ya zile za gari la moshi. Alitoboa tundu juu ya beringi ili atilie mafuta. Ekseli ilipozunguka, mafuta yakapanda na kumwagika kwa tundu lile lile. Akaziba kwa kizibo cha mti. Kizibo kikasukumwa nje. Kumbe ekseli inayozunguka huyavuta mafuta na kuyabana, hata yakapata nguvu ya kuubeba mzigo. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alilieleza jambo hilo kwa hesabu.

Basi, penye mafuta msuguano una vyanzo vitatu. Kwanza ni mafuta yenyewe. Yana mnato, na tabaka moja hukataa kuteleza juu ya jingine. Msuguano huu ni mdogo na haukwepeki, ila mafuta mazito mno hula nguvu ya injini bure. Pili ni mwendo mdogo au mzigo mkubwa. Injini inapowashwa utando wa mafuta haujajengeka, na vilima hugusana. Ndiyo maana mashine huwashwa kwanza bila mzigo. Tatu ni uchafu. Unene wa utando ule huwa elfu chache tu za milimita, mwembamba sana kuliko unywele. Chembe ya mchanga ikiingia huupita utando huo na kulima chuma kama jembe.

Ndugu zangu, juma lile mimi ndiye niliyeacha debe la mafuta wazi mlangoni, na upepo wa kiangazi ulikuwa ukivuma. Niliona vumbi juu ya mafuta, nikanyamaza. Mwenzangu aliyamimina bila kujua.

Nilipofahamu, miaka ilikuwa imepita. Nilimtafuta nikamweleza yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mimi siku zote nilijua kuwa nilitia. Nilikuwa nangoja mtu wa pili ajue."

Vijana, wengine wenu mtakwenda kwenye makarasha ya dhahabu huko Geita na Kahama, ambako vumbi ni jingi kuliko hapa. Funikeni madebe. Badilisheni mafuta kabla hayajawa tope. Na mashine ikikwama, msiishie kuuliza nani hakutia mafuta; ulizeni pia mafuta yenyewe yalikuwa na nini ndani yake.