Kamera Haioni Kama Jicho
(Mazungumzo na wanaojifunza kupiga picha)



Siku hizi kamera ya dijiti si kitu cha ajabu vijijini. Wengine wameinunua mtumba mjini, wengine wameletewa na watoto wao, wengine wanayo ndani ya simu. Leo tunataka tuzungumze jinsi ya kuitumia vizuri, sisi ambao si mafundi wa studio.

Kwa nini tunasema jambo hili ni zito? Jamani, mara ngapi tumekwenda msibani, familia ikatafuta picha ya marehemu, isipatikane ya maana? Picha zipo, tena nyingi. Za harusi, za ubatizo, za maulidi. Lakini katika moja bibi amesimama mlangoni, jua liko nyuma yake, na uso ni mweusi kama kivuli, hata macho hayaonekani. Katika nyingine yuko mbali, mdogo kama punje ya mtama. Mwisho watu wanachukua ile ya kitambulisho na kuikuza, nayo inatoka chengachenga. Mtu ameishi miaka 80, wajukuu wana kamera, na uso wake haukubaki.

Kosa liko wapi? Liko katika kudhani kwamba kamera inaona kama jicho. Haioni hivyo. Wewe ukimtazama bibi pale mlangoni, unauona mwanga wa nje na unauona uso wake pia. Kamera haiwezi kushika vyote viwili sawasawa. Inapima mwanga wa picha nzima, halafu inatafuta wastani. Ikikuta anga jeupe nyuma, ni kama inasema, "Loo, hapa mwanga umezidi," basi inapunguza. Inapopunguza, uso ndio unaoingia gizani. Na sisi wenye ngozi nyeusi ndio tunaopotea mapema.

Zamani za filamu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapelekea wasafishaji picha kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, ili wapatanishe rangi kwa kumfuata yeye. Ngozi nyeusi ikawa inatoka vibaya. Katika kampuni hiyo hiyo, mwaka 1975, mhandisi Steven Sasson alitengeneza kamera ya kwanza ya dijiti. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, na ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja, tena isiyo na rangi, kwenye kanda ya kaseti! Kamera za leo zimekwenda mbele sana, lakini ile tabia ya kutafuta wastani bado zinayo.

Haya, tufanyeje? Kwanza, kabla hujashika kamera, uliza: mwanga unatoka wapi? Usimsimamishe mtu na jua mgongoni. Wala usimpige jua la saa 6 mchana likiwa utosini, maana macho yatafunikwa na kivuli cha paji la uso. Asubuhi kati ya saa 1 na saa 3, au jioni baada ya saa 10, jua ni laini. Ikibidi mchana, mpeleke chini ya mwembe, atazame upande ulio wazi.

Pahali tunapopapenda zaidi ni ndani ya nyumba, hatua moja kutoka mlangoni. Mweke bibi kwenye kigoda, uso autazame mlango. Wewe simama kando ya mlango, usizibe mwanga. Mwanga huu hauna ukali, nao unaonyesha kila mkunjo wa uso. Hata studio za mjini hutafuta mwanga wa namna hii kwa taa za bei kubwa.

Pili, kamera nyingi zina kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa (+/-). Wengi hawakigusi kabisa. Uso ukitoka giza, peleka kwenye +1, upige tena. Anga litapauka. Liache lipauke, tunamtaka bibi. Aliyevaa kanzu nyeupe naye mara nyingi huhitaji hivyo hivyo, maana weupe wa kanzu unaidanganya kamera.

Tatu, sogea. Nenda kwa miguu hatua mbili tatu. Kamera nyingine, hasa za simu, zinapovuta kitu karibu huwa zinakikuza tu, na picha inaharibika. Kisha bana viwiko mbavuni, bonyeza kitufe nusu, subiri kamera ilenge uso, ndipo umalizie. Wengi wanabonyeza kwa pupa kama wanaua mbu, picha inatikisika. Na ile taa ya kamera ndogo haifiki mbali, ni kama meta 3 tu. Ukiwa nyuma ukumbini usiku, unajisumbua bure.

Usiogope kupiga nyingi. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na kila moja ilikuwa gharama. Sasa unaweza kupiga 20 ukachagua 1. Ila usifute ukiwa juani, kioo hakionekani vizuri. Ingia kivulini kwanza.

Bibi mwenyewe umwombe ruhusa, na umpe nafasi ya kujifunga kanga yake nzuri.

Kadi ya kamera hupotea na simu huanguka majini. Picha iliyo nzuri iweke mahali pawili, halafu ukienda mjini itoe kwenye karatasi. Nyuma yake andika kwa penseli laini, bila kukandamiza: jina lake kamili, kijiji, na mwaka.