Runinga kwa Betri Kambini

Ukiteremka barabara ya Magadi kupitia Kiserian kwenda kupiga kambi karibu na Olorgesailie, stima unaiacha nyuma. Na mechi je? Betri itakutosha, mradi uijue hesabu yake.

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba takriban wati-saa 1,200. Lakini ikiwa ni ya risasi na asidi, tumia nusu tu. Ukizoea kuikausha itakufa mapema. Runinga ya wati 30 inayotumia volti 12 moja kwa moja itawaka saa 20 hivi. Ile ya kawaida huhitaji inveta, nayo inveta hula moto wake hata runinga ikiwa imezimwa. Kwangu mimi, ya volti 12 ndiyo ya safari.

Betri ya kuwashia gari iache iwashe gari. Kusukuma gari kwenye jua la Magadi si mchezo. Kwenye betri ya runinga, weka fyuzi karibu na ncha chanya. Unapochaji betri ya asidi, usiifungie hemani: hutoa haidrojeni, gesi inayoweza kulipuka kwa cheche moja. Betri hiyo ya asidi ikishapumzika, kipimo kikisoma volti 12.1, nusu imekwisha. Zima runinga, hata kama ni dakika za nyongeza.