AMANA YA CHAMA KILICHOLALA

Hotuba ya Sheikh mbele ya wanafunzi wa zamani na Waislamu wa Busia na Tororo

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Amma baad. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha, kisha nawashukuru ninyi mlionipa heshima ya kusema. Nayasema haya nikijijua. Elimu yangu ni ya madrasa na ya shule ya msingi. Chuo chenu nimekijua kwa kuingia langoni siku za Ijumaa kuwasalisha vijana, na kwa kualikwa futari yao mwezi wa Ramadhani. Lakini jambo mliloniitia si la kisomo cha chuo. Ni jambo la amana, na amana huulizwa msomi na asiyesoma.

Habari yenyewe sote twaijua. Chama cha wanafunzi Waislamu katika chuo kile kilikuwa na tawi lenye uhai: vijana wa Tororo, wa Malaba na wa Busia mbili wakisali pamoja, wakifundishana, wakimsaidia mwenzao aliyekosa karo. Mwezi wa Machi mwaka 2020 skuli na vyuo vya Uganda vikafungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, na skuli hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Katika muda ule wanafunzi waliokuwa wakijua mambo ya tawi walimaliza zamu yao wakatawanyika, na waliokuja nyuma yao hawakumkuta mtu wa kuwapokeza ufunguo wala daftari. Hivyo ndivyo tawi lilivyolala. Hapana aliyegombana, wala hapana aliyeiba. Mkono uliotoa haukukutana na mkono wa kupokea.

Fedha zikabaki, ninyi wanafunzi wa zamani mkazishika na kuziongeza kwa michango yenu. Leo mwataka kulifufua tawi, nalo ni jambo jema. Lakini nimesikia pia maneno mengine yakisemwa barazani. Wako wasemao: "Tawi limekufa, sisi ndio tuliochanga, basi fedha tuzigawe, au tujenge ukumbi wetu sisi wakubwa." Maneno haya hayakusemwa na watu waovu. Yamesemwa na ndugu zetu wenye kuchoka kungoja. Kwa hiyo yafaa tuyajibu kwa heshima na kwa hoja.

Mimi naona hivi: chama kilicholala ni mfano wa yatima, na aliyeshika mali yake ni mfano wa walii. Aya ya 6 ya Suratun-Nisaa yatufundisha mambo yampasayo walii: awajaribu mayatima mpaka wafikie umri, akiona wana busara awape mali yao, asiile kwa haraka akiogopa kwamba watakua, aliye tajiri ajizuie, na aliye masikini ale kwa kadiri ya wema, na siku ya kukabidhi wawepo mashahidi. Tazameni, ndugu zangu, namna mambo yetu yote yalivyomo humo.

Yule asemaye "sisi ndio tuliochanga" na akumbuke kwamba hakuchanga peke yake. Miongoni mwa waliotoa alikuwamo mama mmoja muuza dagaa katika soko la hapa Busia, ambaye hakuwa na mtoto wala mjukuu chuoni. Alitoa kwa sababu aliona vijana wanasali juu ya magunia. Mama yule amekwisha fariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Je, nani atakwenda kumwomba ruhusa ya kuigeuza sadaka yake kuwa viti vya ukumbi wetu? Mtoaji akitaja makusudio ya fedha yake, makusudio hayo hayafi pamoja naye.

Nawakumbusheni sira ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hajapewa utume, na Bibi Khadija alimpa bidhaa zake akafanye biashara kwa kuwa alisikia uaminifu wake. Na mwaka 622, alipolazimika kuhama usiku huku watu wakimtafuta roho yake, alimwacha Sayyidna Ali nyuma ili azirudishe amana za watu. Wengi wa wenye amana zile walikuwa wa upande uleule uliomfukuza. Ikiwa amana ya adui hurudishwa, itakuwaje amana ya wadogo zetu?

Sasa nitawaambia aibu yangu mwenyewe, kwani anayefundisha amana bila kutaja kosa lake hufanana na mwenye kuuza dawa ambayo hajainywa. Zamani kidogo mtaa wetu ulinifanya mweka hazina wa fedha za sanda. Fedha zile niliziweka katika sanduku moja na zangu, nikisema moyoni: nazijua. Ukaja mwezi wa shida nyumbani, nikachukua kidogo kwa nia ya kurudisha. Ukaja mwezi mwingine, nikachukua tena. Siku moja ukatokea msiba alfajiri, watu wakaja mlangoni, nikafungua sanduku lile, na kilichokuwamo hakikutosha. Niliuza ng'ombe wangu siku ileile, kwa bei ya mwenye haraka. Sikuwa mwizi, nami naapa. Lakini mbele ya maiti anayengoja sanda, tofauti ya mwizi na mzembe haionekani. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi niliijua methali hiyo tangu utoto, na sikuielewa mpaka siku ile.

Basi nawasihi, la kwanza: andikeni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, yahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Liwe daftari moja lenye mapato, matumizi na baki, na kila atoaye apewe risiti. Tena fedha za aina mbalimbali zisichanganywe. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba, na haiwezi kununua bendera wala chai ya mkutano. Sadaka yaenda pale alipokusudia mtoaji. Wakfu haliuzwi wala haligawanywi. Ada ya wanachama ndiyo iwezayo kulipia karatasi na nauli. Kila moja na ukurasa wake.

La pili: fedha zisikae kwa mtu mmoja. Siku hizi michango huja kwa simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Uganda MTN ikafuata mwaka 2009, na sisi watu wa mpakani tumepata nafuu kubwa. Lakini namba ya simu ni ya mtu, na mtu hufa. Akifa, jamaa zake watahesabu zile fedha kuwa mirathi, nao hawana kosa, kwani hawakuambiwa. Kwa hiyo fedha zikiingia katika simu ya mweka hazina zisilale humo. Zipelekwe katika akaunti ya chama yenye watia sahihi watatu, na zisitoke bila ya wawili. Nashauri mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa dada zetu walikuwa nguzo ya tawi lile. Na kila anayeshika amana hii aandike katika wasia wake kwamba si mali yake. Ama mkiichelea riba, Kenya benki zifuatazo sharia zilianza kazi mwaka 2008, na Uganda sheria ya mabenki ilirekebishwa mwaka 2016 kuziruhusu. Basi ulizeni, msikae na kisingizio.

La tatu ni la watu wa mpakani hasa. Wazee wetu walitumia shilingi moja pande zote mbili mpaka mwaka 1966, kila nchi ilipoanza kutoa fedha yake. Sisi tuna shilingi mbili, na katikati yao amesimama mbadilisha fedha. Mchango wa Kenya uandikwe kwa shilingi ya Kenya, wa Uganda kwa shilingi ya Uganda. Na siku ya kubadilisha, iandikwe bei ya siku hiyo na majina ya wawili walioshuhudia. Nakumbuka vilevile mwaka 1987, nikiwa kijana, serikali ya Uganda ilipobadilisha fedha: shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hayo ikakatwa kodi ya asilimia 30. Aliyekuwa na 10,000 alibaki na 70. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alikuwa ameweka ndani fedha za kujengea msikiti, hakuzigusa miaka mingi, na siku hiyo aliketi akalia. Uaminifu wake ulikuwa kamili, lakini fedha hailindwi kwa kufichwa tu. Wanazuoni wetu wamenasihi tangu zama za masahaba kwamba mali ya yatima ifanyiwe biashara, isije ikaliwa na zaka. Fikirini kitu cha halali chenye kuzaa, kama chumba cha kupangisha, kiandikwe kwa jina la wadhamini wa chama na si kwa jina la mtu.

La nne ni juu ya kufufua kwenyewe. Msifanye haraka, wala msikae mno. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichoko Mbale, jirani zetu hapa, uamuzi wake ulipitishwa na mkutano wa nchi za Kiislamu mjini Lahore mwaka 1974. Kikafunguliwa mwaka 1988, na wanafunzi wa kwanza walikuwa 80 tu. Ilipita miaka 14! Waliongoja hawakusema kimekufa, wakagawana matofali. Ninyi mmengoja miaka michache.

Na njia ya kuwafufua wadogo zenu ni ileile ya yatima: wajaribuni. Muhula wa kwanza wapeni fedha ya mikeka, misahafu na futari, nao walete hesabu. Wakileta hesabu sahihi, muhula wa pili wapeni zaidi. Wakikosea kwa kutojua, wafundisheni, msiwaaibishe. Viongozi wao wawachague wenyewe. Tena iwekwe tarehe ambayo mali yote itakabidhiwa, mbele ya mashahidi, isomwe na kuandikwa. Walii asiyetaja siku ya kukabidhi amekwisha anza kuwa mwenye mali, hata kama mwenyewe hajijui.

Tuna funzo jingine katika historia yetu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1945 iliundwa Mombasa Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, chini ya udhamini wa Aga Khan Sultan Mohamed Shah. Ilijenga skuli na misikiti katika nchi zetu, na sharti lake lilikuwa zuri: kwa kila shilingi waliyochanga wenyeji, Aga Khan alitoa shilingi nyingine. Mwaka 1968 jumuiya hiyo ilipigwa marufuku Tanzania, na mali zake huko zikaingia mikononi mwa wengine. Siingii katika siasa ya jambo lile. Nasema tu kwamba chombo kikubwa kilichochukua miaka mingi kujengwa chaweza kuondoka kwa siku moja, na hapo ndipo watu huanza kuulizana: mali hii ilikuwa ya nani, na wapi yameandikwa? Swali hilo lijibiwe mapema, wakati watu wangali wanasalimiana.

Ndugu zangu, yasemekana neno bodaboda lilizaliwa hapahapa Busia, pale vijana wa baiskeli walipowavusha watu na mizigo yao kutoka kituo cha mpaka cha upande huu mpaka cha upande wa pili. Ninyi wanafunzi wa zamani ndio hao. Mmebeba gunia lisilo lenu kutoka kwa wale waliotangulia, kulipeleka kwa wale wanaokuja. Njia ina mashimo, na jasho lenu twaliona. Mkipewa nauli yenu kwa kadiri ya wema, ni halali. Lakini mwenye baiskeli akifika ng'ambo halifungui gunia.

Mweka hazina atawasomea hesabu sasa hivi. Nawaomba msikilize kila tarakimu, na asiyeelewa aulize, wala asionekane mfitini kwa kuuliza. Kwani mweka hazina mwema hufurahi kuulizwa, na mimi laiti ningaliulizwa mapema ningali na ng'ombe wangu.

Ewe Mola wetu, wape waliotutangulia malipo ya sadaka zao, watie nuru vijana wetu wa pande zote mbili, na utujaalie sisi kuitoa mikononi mwetu amana hii ikiwa kamili kabla hujaitwaa amana yako ya roho zetu. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.