Misalaba ya Kando ya Barabara, na Wale Wasio na Msalaba

(Mazungumzo na vijana wa Longonot. Tumeyaandika kwa ajili yako ambaye hukuweza kufika.)

 

Nianze na swali. Ukitoka Mai Mahiu kuja huku Longonot, halafu uendelee mpaka Naivasha, unapita misalaba mingapi kando ya barabara? Unaijua. Mbao mbili zilizopakwa rangi nyeupe, jina, tarehe, na maua ya plastiki yaliyofifia kwa jua. Unapita hapo kila asubuhi kwa matatu, na pengine siku hizi huioni tena. Hata mimi nilikuwa siioni.

Mimi si mtu wa filamu. Niko na diploma ya maendeleo ya jamii, simu, na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye shati. Lakini pamoja na wenzangu wachache tunatengeneza filamu ya makala kuhusu hizi kumbukumbu, bila stesheni ya runinga na bila mfadhili. Leo nataka ujue tumejifunza nini, ili nawe uingie kazini.

Na muda hatuna. Barabara hii ya Rironi–Mai Mahiu–Naivasha imo kwenye mradi wa upanuzi uliozinduliwa Novemba 2025, pamoja na ile ya juu ya Rironi hadi Mau Summit. Barabara pana tunaitaka, tumeililia miaka mingi. Lakini misalaba imesimama pale pale tingatinga litakapopita. Ikishang'olewa, nani atakumbuka kwamba kona fulani iliua watu wanne kabla haijanyooshwa? Msalaba ule ni huzuni ya familia, sawa. Lakini pia ni ushahidi.

Somo la kwanza nililipata kwa aibu. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya msalaba mmoja, nikaanza kurekodi. Mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma akavuka barabara, akaniuliza, "Kijana, nani amekuruhusu?" Nikaanza kujieleza, eti hapa ni mahali pa umma. Akaniambia, "Huyo ni mtoto wangu." Niliweka simu mfukoni. Nilikaa naye pale kwenye jiko lake karibu saa nzima, sikurekodi hata neno.

Mtoto wake alikuwa mwendesha boda. Lori lilikosa breki kwenye mteremko. Kisha akaniambia jambo ambalo hadi leo ndilo linaloongoza filamu yetu: "Na hawakufa mmoja. Kulikuwa na utingo wa lile lori, kijana Mwislamu wa Pwani. Walikuja watu wakamchukua usiku uo huo. Yeye hana hata jiwe hapa. Mimi ndiye huwa namtaja pamoja na wangu."

Umeelewa? Ukihesabu misalaba, umehesabu nusu. Hii ni njia ya malori ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo, na madereva na matingo wengi ni vijana wetu. Sisi tunazika mapema, tunazika kwetu, na hatuna desturi ya kuweka alama pale mtu alipofia. Hilo ni sawa kidini, wala sisemi tuanze kujenga minara barabarani. Shida ni kwamba tukishazika tunanyamaza. Hakuna anayerudi kuchukua nambari ya OB, hakuna anayeomba ripoti ya polisi. Na sheria yetu inaipa familia miaka mitatu tangu siku ya kifo kudai fidia mahakamani. Miaka mitatu inapita upesi kama umeshaambiwa "ni kadari" na wewe ukaitikia tu. Kuzika mapema hakukuzuii kuandikisha.

Nisieleweke vibaya. Kadari tunaiamini. Lakini ngamia tumeambiwa tumfunge kwanza.

Tazama Sachangwan, kule mbele ya Salgaa. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilianguka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Wengi hawakutambulika, wakazikwa kaburi la pamoja. Miaka ikapita, ajali zikaendelea. Alfajiri ya 31 Desemba 2017, hapo Migaa, basi na lori vikagongana, wakafa watu 36. Maombi yakafanywa, na wengine wakasema barabara ile ina mapepo. Baadaye sehemu ile ikatenganishwa katikati kwa ukuta wa zege, gari la kushuka lisikutane uso kwa uso na la kupanda. Mapepo hayazuiwi na zege, ndugu yangu. Magari yanazuiwa. Kwa nini basi ilibidi tuzike watu wengi hivyo ndipo zege lije?

Na karibu zaidi na sisi, pale Karai, Naivasha, usiku wa 10 Desemba 2016, lori lililobeba kemikali inayowaka liligonga magari mengine na kulipuka. Watu wapatao 40 walikufa, wakiwemo maafisa wa polisi wa kikosi cha Recce. Hizi kubwa zinaandikwa magazetini. Utingo wa yule mama hakuandikwa popote. Kwa mwaka nchi yetu inapoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani, na wengi wanakufa hivyo, mmoja mmoja, bila gazeti.

Sasa, kama unataka kuanza, haya ndiyo ya muhimu.

Ruhusa kwanza, kamera baadaye. Msalaba una wenyewe. Uliza wanaouza karibu, uliza stendi ya boda, watakuonyesha familia. Nenda bila kamera siku ya kwanza. Mtu akikubali leo akakataa kesho, futa. Na kama msalaba una jina na hujapata familia, usilionyeshe lile jina.

Pili, usife ukirekodi wafu. Vaa rifleketa. Mmoja anarekodi, mwingine anatazama magari, na huyo wa pili hana ruhusa ya kushika simu. Simama nje kabisa ya lami, usisimame kwenye kona kamwe. Alfajiri kuna ukungu kule kwenye mteremko, subiri uondoke.

Tatu, sauti. Upepo wa Longonot mnaujua, na vumbi lake. Ukihojiana kando ya barabara utasikia trela tu. Fanyia mahojiano nyumbani kwa mtu, mlango umefungwa. Barabarani chukua picha, na sauti ya magari yenyewe. Ile sauti nayo inasema kitu.

Nne, sheria. Sura ya 222, yaani Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, inataka leseni kwa filamu inayotengenezwa ili ionyeshwe hadharani au kuuzwa. Iombe mapema, usingoje kukamatwa ndipo ujue.

Tano, na hapa ndipo wengi wanachoka: andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuuliza. Iulize KeNHA na NTSA: kwenye kilomita hii, kona hii, wamekufa wangapi, na mlifanya nini baada ya hapo? Hulazimiki kueleza sababu. Kuomba hakulipiwi, ni nakala tu. Wanatakiwa wakujibu ndani ya siku 21. Wakikataa, au wakinyamaza, una siku 30 za kwenda kwa Ombudsman. Filamu yenye machozi peke yake itatazamwa na kusahauliwa. Filamu yenye machozi ya mama, na barua, na jibu la barua, itambidi mtu fulani aijibu.

Kila Jumapili ya tatu ya Novemba dunia inawakumbuka waliokufa barabarani. Siku hiyo tunataka kuonyesha filamu hapa hapa Longonot, kwenye shuka jeupe, viti vya kuazima. Yule mama amekubali kuja. Safari hii amesema tumrekodi, kwa sharti moja: tumtafute mama wa yule utingo, wakae pamoja.

Bado tunamtafuta. Kama wewe uko Pwani, na kuna nyumba mtaani kwenu iliyopokea kijana wa lori usiku kutoka huku Bonde la Ufa, akazikwa kesho yake na mambo yakaishia hapo, nenda ukabishe hodi. Usiende na kamera. Waambie tu kuna mtu Longonot bado anamtaja mtoto wao.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotangulia, wenye alama na wasio nayo. Wassalamu alaykum.