Hadhi Itokayo kwa Dadu

Ndugu viongozi wa jumuiya, nanyi vijana wetu,

Tumeombwa kusema juu ya mali na hadhi. Tumechagua kuanzia penye mchezo, kwa kuwa humo mambo haya yameandikwa waziwazi kama kanuni.

Iko michezo ambayo wachezaji huizunguka meza, kila mmoja akajitwalia mtu wa kubuni na kutenda kwa niaba yake, huku mwenzao mmoja akisimamia kisa. Mmojawapo ni Traveller, uliotungwa na Mmarekani Marc Miller na kutolewa mwaka 1977. Kisa chake ni cha safari baina ya nyota, lakini humo wamo makabaila kama wale wa Ulaya ya zamani.

Mtu huyo hupewa sifa sita: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, elimu, na ya sita ni hadhi katika jamii. Kila sifa hupatikana kwa kurusha dadu mbili. Hadhi, basi, imewekwa safu moja na nguvu za mwili, kana kwamba mtu huzaliwa nayo kama mikono yake. Apataye 11 au 12 ni kabaila. Na kati ya namna 36 ambazo dadu hizo zaweza kuanguka, ni tatu tu zinazomfikisha huko. Mwenye 2 hakuwa mvivu, wala mwenye 12 hakutoa jasho.

Tena hadhi huzaa faida. Anayetumikia jeshi la wanamaji akiwa na hadhi ya 9 au zaidi huongezewa moja anaporusha dadu za kuutafuta uofisa. Mwenzake aliyemzidi akili haongezewi kitu hapo. Nani kati yetu asiyeujua mlango wa namna hiyo?

Fedha, hata hivyo, ni jambo jingine. Hizo hupatikana mwisho wa utumishi, kwa kurusha tena, hata kabaila aweza kuondoka na kidogo na mtu wa chini akaondoka na nyingi. Sisi twayachanganya hayo mawili: mtu akija na gari, twampa kiti cha mbele.

Mchezo wa GURPS, wa Steve Jackson, uliotoka mwaka 1986, ulishika njia nyingine. Wachezaji kwa kawaida huanza na pointi sawa, na utajiri hununuliwa kwa pointi hizo. Anayekubali kuwa maskini hurudishiwa pointi 15, na fukara kabisa 25, akajinunulia ujuzi au nguvu. Ni haki, nayo yavutia. Lakini yaweza kumzoeza mtu kuamini kwamba umaskini una fidia yake, kwamba maskini amepewa uvumilivu badala ya fedha. Maneno hayo twayasikia sana, hasa vinywani mwa walioshiba. Binti aliyeacha shule kwa kukosa karo hakurudishiwa pointi yoyote. Kwa hili, Traveller ni mkali lakini ni mkweli zaidi.

Twawaomba, kabla ya kuchagua kamati zenu, mjaribu jambo hili. Leteni dadu mbili za ludo, kila mmoja arushe mara moja, wazee kwanza. Wenye namba za juu wakae mbele, wapange peke yao michango ya watu wote kwa nusu saa. Katibu aandike yatakayosemwa na waliopata 2, 3 na 4.