Sanaa Inayoitikia Ishara za Mwili: Tuwaangalie Watu Kabla ya Kununua Vifaa

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za parokia na wawakilishi wa wafadhili, katika kikao cha kujadili miradi ya watoto wenye ulemavu na vijana viziwi. Imefupishwa kidogo.)



Nimeombwa nieleze jambo ambalo kwa wengi wetu ni geni, yaani sanaa ya kidijitali inayoitikia ishara za mwili. Ni kazi ya sanaa ambayo picha yake iko ukutani, na picha hiyo hubadilika kadiri mtu aliyesimama mbele yake anavyoinua mkono, anavyoinama au anavyogeuza kichwa. Mtu hashiki kitu. Kamera inamwangalia, kompyuta inakokotoa, projekta inaonyesha. Wale waliokulia vijijini wanaujua mchezo huu bila umeme: unakaa mbele ya koroboi, unakunja vidole, na ukutani anatokea sungura au mbwa anayebweka. Tofauti ni kwamba sasa yule sungura anaweza kuruka, akatoka mkononi mwako, akaenda kwa mwenzako.

Mbele yenu kuna andiko la mradi wa namna hiyo. Nimelisoma lote. Kurasa tatu zinahusu vifaa, na aya moja inahusu watoto. Wazo lenyewe ni zuri sana na ningependa lifike mbali, lakini naomba kamati ilirudishe kwa waandishi kabla ya kupitisha hata shilingi moja ya ununuzi. Nitaeleza sababu kwa kuwasimulia waliotutangulia katika kazi hii, maana haikuanza jana.

Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, alikuwepo mtaalamu wa kompyuta aliyeitwa Myron Krueger. Mwaka 1969 alishiriki kutengeneza chumba cha mwanga na sauti kilichobadilika kufuatana na watu walivyotembea sakafuni, na mwaka 1970 akatengeneza kazi nyingine iliyounganisha picha za watu waliokuwa sehemu mbili tofauti. Hapo aliona jambo lililomshangaza. Picha ya mkono wa mtu mmoja ilipougusa mkono wa mwingine kwenye skrini, mtu alirudisha mkono wake kama aliyeguswa kweli. Ilikuwa picha tu, lakini mwili uliichukua kuwa ni mimi. Kutokana na hilo Krueger akajenga, kuanzia katikati ya miaka ya 1970, kazi yake kubwa iitwayo Videoplace, ambamo kivuli cha mtu kilicheza na vitu vya kuchorwa na kompyuta. Kulikuwa na kidudu kidogo kilichokifuata kivuli chako, kikakupanda hadi utosini, na kikifika huko kikacheza ngoma. Krueger alishikilia msimamo mmoja: mtu asivalishwe kofia, glovu wala waya wowote. Aingie alivyo.

Msimamo huo kwetu una maana kubwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo amekwisha kufungwa mikanda na vyuma vya kutosha katika maisha yake. Ukuta unaomwitikia bila kumfunga kitu ni zawadi.

Sasa niwaambie kuhusu msanii wa Kanada, David Rokeby, ambaye historia yake ningependa kila mwandishi wa maandiko ya miradi aijue. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitengeneza chombo kilichogeuza mwendo wa mwili kuwa sauti. Alikijaribu peke yake kwa muda mrefu, akikirekebisha siku hadi siku, na kikawa kinamwitikia vizuri mno. Siku watu walipoletwa kukijaribu, hakikuwaitikia. Alipochunguza akagundua kwamba katika miezi ile yote, wakati yeye akikifundisha chombo, chombo nacho kilikuwa kikimfundisha yeye. Alikuwa amejizoesha namna ya kutikisa mwili ambayo binadamu mwingine hana, kama mpiga ngoma aliyepiga kwa miaka mingi bila mchezaji, siku mchezaji akija wanapishana.

Aliendelea, na kazi yake iitwayo Very Nervous System, aliyoiendeleza kati ya mwaka 1986 na 1990, ikawa moja ya kazi zinazoheshimiwa zaidi katika sanaa hii. Huko nako aliona jambo lingine. Mtu aliingia, akatupa mkono kwa furaha, akasikia sauti. Kisha akasita, akarudia ishara ileile ili aone kama kweli ni yeye aliyeileta sauti. Lakini mkono wa kuuliza hauendi kama mkono wa kufurahi. Una woga ndani yake. Chombo kikaona tofauti hiyo kikatoa sauti nyingine, na mtu akadhani hakimsikii. Mtu mzima atacheka aende zake. Mtoto ambaye tangu kuzaliwa ameambiwa hawezi, akiinua mkono mbele ya ukuta na ukuta ukanyamaza, hatasema mashine ni mbovu. Atasema ni mimi.

Ndiyo maana swali la kwanza la mradi kama huu ni mashine inamwona nani. Bei yake inafuata baadaye.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Joy Buolamwini, binti wa wazazi wa Ghana, alikuwa mwanafunzi katika chuo cha MIT huko Marekani. Mwaka 2015 alikuwa anatengeneza kioo cha sanaa: unajitazama, na juu ya uso wako inatokea sura nyingine, ya simba kwa mfano, au ya mtu unayemheshimu. Miongoni mwa vitu vilivyompa wazo hilo ni hadithi za Anansi, yule buibui mjanja anayejigeuza, ambaye kule Ghana ni kama Sungura kwetu. Programu aliyoitumia kutafuta uso haikuuona wa kwake. Alipovaa kinyago cheupe cha plastiki, ikamwona mara moja. Hakuishia kulalamika. Alipima, na mwaka 2018 yeye na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walichapisha matokeo kuhusu programu za makampuni matatu zilizotambua jinsia ya mtu kwa kuangalia picha ya uso. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, katika programu iliyofanya vibaya zaidi, makosa yalifika asilimia 34.7. Chanzo kikubwa kilikuwa kwamba picha zilizotumika kufundishia na kupimia programu za aina hiyo zilikuwa kwa wingi za watu weupe, na wengi wao wanaume. Makampuni yamezirekebisha programu hizo tangu wakati huo. Lakini mtu anayeandika kwenye andiko lake kwamba "programu imethibitishwa kimataifa" hajanijibu swali langu. Imethibitishwa kwa nani?

Niseme kidogo jinsi kamera inavyomtambua mtu, maana bila hilo hamtaweza kuwahoji waandishi. Njia ya zamani ni ya kivuli. Kamera hupiga picha ya ukumbi mtupu, halafu kompyuta hulinganisha picha hiyo na ile yenye mtu, na kilichobadilika ndicho mtu. Njia hii haijali umevaa kanga, joho au umebeba mtoto mgongoni. Inachukua umbo lako lote kama lilivyo. Adui yake ni mwanga unaobadilika: wingu likipita mbele ya jua, kompyuta itadhani ukumbi mzima umecheza.

Njia ya pili hupima umbali kwa mwanga ambao macho yetu hayauoni. Hii ilienea mwaka 2010 Microsoft ilipotoa kamera ya michezo iitwayo Kinect, ambayo Marekani iliuzwa kwa takriban dola 150. Kampuni moja ya vifaa vya elektroniki iliahidi zawadi, iliyopandishwa hadi dola 3,000, kwa atakayewezesha kamera hiyo itumike nje ya michezo, na ndani ya siku chache kijana wa Kihispania akaweza. Wasanii wa dunia nzima wakaikimbilia. Basi sikilizeni mwisho wake: mwaka 2017 utengenezaji wake ukasimamishwa, na mrithi wake aliyetoka mwaka 2019 naye akasimamishwa mwaka 2023. Kazi nyingi nzuri zilizofungwa kwenye kamera hiyo moja sasa zinategemea vifaa vya mitumba. Andiko mlilo nalo linataja kamera ya aina moja tu, bila kusema ikiharibika itakuwaje. Wafadhili wetu wanapouliza kuhusu uendelevu, hapo ndipo pa kuuliza.

Njia ya tatu ni ya siku hizi. Kompyuta imefundishwa kwa picha nyingi sana hadi inaweza kukisia viungo viko wapi. Programu moja ya bure iliyotolewa na Google mwaka 2019 huweka alama 21 katika kila mkono, kwa kamera ya kawaida ya simu au kompyuta. Ni rahisi, ni nyepesi, na ninaipenda. Lakini imefundishwa mkono ulivyo kwa watu wengi: vidole vitano, vinavyokunjuka. Mkono uliokakamaa ngumi, au wenye vidole vitatu, inaukisia vibaya au haiuoni kabisa. Kwa hiyo kwa walengwa wetu, ile njia ya zamani ya kivuli mara nyingi itafaa kuliko hii mpya, na tena ni nafuu. Nashangaa andiko halijaitaja.

Kuhusu vijana viziwi nina neno moja. Andiko linasema ukuta "utatafsiri" ishara zao. Naomba sentensi hiyo ifutwe. Lugha ya alama ni lugha kamili, ina sarufi yake, na sehemu ya sarufi hiyo iko usoni na mabegani wala si mikononi pekee. Kukisia viungo vya mkono si kuelewa lugha, kama vile kuhesabu midomo inayofunguka si kuelewa mahubiri. Lakini kuwapa vijana hao ukuta wachore kwa mikono, watunge hadithi za picha wao wenyewe, hilo linawezekana hata mwaka huu, na wao ndio watakaotufundisha, kwa sababu hakuna kati yetu anayejua kutumia mikono na macho kama wao. Wawemo katika kamati ya mradi, pamoja na mkalimani anayelipwa. Sikuona mkalimani kwenye bajeti.

Kuna kazi moja inayonipa moyo. Mchoraji wa kuta za mjini Los Angeles, Tony Quan, aligundulika mwaka 2003 kuwa na ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu ya misuli, na hatimaye mwili wake wote ukapooza isipokuwa macho. Mwaka 2009 kundi la wasanii na waandishi wa programu lilikwenda kumtengenezea kifaa: fremu ya miwani ya bei ndogo, kamera ya mchezo wa kompyuta, na programu ya bure. Akachora kwa macho akiwa kitandani hospitalini, na mchoro wake ukarushwa kwa projekta kwenye ukuta wa jengo katikati ya jiji. Vifaa vya kuuzwa vya kufuata macho wakati huo viligharimu maelfu ya dola. Chao kilikuwa cha makumi ya dola, na maelekezo yake wakayatoa bure kwa yeyote. Hawakuanza kwa kuuliza watu wangapi watafaidika. Walianza na mtu mmoja, wakamtazama macho yake yanavyochoka, yanavyorukaruka, wakarekebisha, wakamtazama tena.

Basi pendekezo langu kwa kamati ni hili. Sehemu ya kwanza ya fedha isinunue kitu. Ilipe nauli, chakula na posho ya wiki mbili za kukaa na watoto kumi, wazazi wao wakiwepo, kwa kompyuta na projekta ya kuazima na kamera yoyote iliyopo. Kila mtoto aandikiwe: anaweza kusogeza nini, kwa upana gani, anachoka baada ya muda gani, anapenda kuona nini. Anayetumia kiti cha magurudumu, kamera ishushwe hadi kwenye kimo chake. Anayesogeza kidevu tu, kidevu kiwe ndiyo brashi yake. Picha iitikie upesi, isizidi sehemu ya kumi ya sekunde, la sivyo mtoto hataiunganisha na mkono wake. Na kila mara mtoto anaposita na kurudia ishara kwa woga, mtengenezaji aandike nini ukuta ulimjibu. Baada ya wiki hizo mbili ndipo orodha ya vifaa iandikwe, na nina hakika itakuwa fupi kuliko hii.

Mkiniuliza faida itapimwaje, mimi sitaahidi uponyaji wala kunyooka kwa viungo. Hayo ni ya wataalamu wa mazoezi ya viungo, na andiko lisiyaahidi kwa niaba yao. Tupime kama mtoto anarudi kesho yake, kama anamwita mwenzake, kama mama yake amemwona akifanya jambo ambalo hakujua kwamba analiweza.

Nimeleta kompyuta yangu na kamera ndogo, viko pale mezani. Naomba madirisha ya upande wa kulia yafungwe, maana jua limeshafika ukutani. Tutaanza na wale waliokaa nyuma, na mama yule mwenye mtoto mgongoni naomba asimshushe.